Boila ya gesi inapogoma botini

Kuanzia Novemba hadi Machi, simu nyingi ninazopigiwa na wakazi wa boti za mifereji ya Uingereza huanza kwa taarifa moja tu, kwamba boila, yaani chombo cha gesi kinachopasha boti joto, imekufa. Mimi ni fundi wa gesi, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko katika boti zinazoegeshwa kati ya London na Birmingham, kwenye mfereji wa Grand Union na matawi yake. Nikifika, mara nyingi naikuta boila yenyewe ikiwa nzima kabisa, bali kilichoharibika ni kitu kingine kinachoilisha gesi, umeme, hewa au maji. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba boila ya boti ichunguzwe kutoka nje kuingia ndani, na kifuniko chake kiwe cha mwisho kuguswa. Fundi aliyezoea nyumba hufanya kinyume, kwa kuwa nyumbani gesi huja kwa bomba la mtaa bila kukoma, umeme ni wa volti 230, na sakafu haiinami. Botini hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Nieleze kwanza chombo chenyewe. Boti hizi ni za chuma, nyembamba na ndefu: upana wake ni mita 2.1 hivi, kwa sababu malango mengi ya kupandishia na kushushia boti yaliyochimbwa katika karne ya 18 hayapitishi kitu kipana zaidi, na urefu wake unaweza kufika mita 21. Mitungi ya gesi kwa kawaida hukaa omo, yaani mbele, katika sanduku lenye tundu linalotoa gesi nje ya boti endapo itavuja. Betri na injini ziko tezi, yaani nyuma. Boila huwekwa mahali popote palipobaki nafasi, mara nyingi ndani ya kabati, nayo hupasha moto kulanti, yaani maji yenye dawa ya kuzuia kuganda na kutu, ambayo pampu ndogo ya volti 12 huizungusha kwenye mabomba na rejeta za kupashia vyumba joto, kisha huirudisha. Nguvu yake ni kilowati 5 au 6, kiasi kidogo ukilinganisha na boila ya nyumba.

Kabla ya yote, sheria. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinazihusu pia boti ambazo watu wamezifanya makazi, na kazi ya gesi katika boti ya namna hiyo lazima ifanywe na fundi aliyeandikishwa katika Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Kitambulisho chake kigeuzwe kisomwe upande wa nyuma, kwa sababu fundi wa nyumba mwenye kitambulisho halali anaweza kuwa hana sifa za gesi ya mitungi wala za boti. Mwenye boti anaruhusiwa kutazama, kupima umeme, kubadilisha mtungi, kutoa hewa kwenye rejeta na kuongeza kulanti. Kufungua kiungo cha bomba la gesi au chumba cha moto cha boila si kazi yake. Hakikisha pia kwamba kengele ya kaboni monoksidi inafanya kazi, kwani tangu Aprili 2019 ukaguzi wa Boat Safety Scheme, ambao cheti chake hudumu miaka minne, unaidai.

Ukisikia harufu ya gesi, uchunguzi wote unasimama. Propeni ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, basi haipandi ikatokea dirishani, bali hushuka na kutulia chini ya sakafu. Wahenga wa pwani waliposema tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, hawakuwa na habari za gesi, lakini hakuna maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu mahali itakapokwenda. Funga vali ya mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote hata ile ya pampu ya ngama, na utoke.

Tukiwa na hakika kwamba hakuna uvujaji, tuanze na boila isiyowaka kabisa. Swali langu la kwanza ni mtungi, na jibu ninalopewa karibu kila mara ni kwamba gesi ipo, maana jiko linawaka. Jiko kuwaka halithibitishi lolote. Plati moja ya jiko hutumia sehemu ndogo tu ya gesi inayohitajiwa na boila, kwa hiyo mtungi uliochoka unaweza kuchemsha chai kwa siku kadhaa huku boila ikikataa. Washa plati zote pamoja na oveni, ukitazama ule moto uliowaka kwanza: ukinywea kadiri unavyoongeza plati, shinikizo halitoshi.

Sababu yake huwashangaza watu waliokulia Dar es Salaam au Mombasa, ambako gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni na hewa haipoi kiasi cha kuleta taabu. Gesi imo mtungini kama kimiminika, na ili igeuke kuwa mvuke inahitaji joto, ambalo hulichota kwenye chuma cha mtungi na hewa inayouzunguka. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na hata maji yanapoganda mtungi wake hubaki na shinikizo la baa 3 na zaidi. Buteni huchemka karibu na sifuri yenyewe, kwa hiyo usiku wa baridi kali mtungi wa buteni unaweza kuwa umejaa nusu, ukiutikisa unasikia kimiminika kikicheza ndani, na bado hakuna gesi inayotoka. Katika mitungi ya Calor, ambayo ndiyo utakayoiona zaidi mferejini, mwekundu ni propeni na wa buluu ni buteni. Mwenye boti aliyenunua wa buluu Julai hukumbuka tofauti hiyo Desemba.

Hata propeni ina mpaka wake. Boila ya kilowati 5 ikiwaka mfululizo hula takribani gramu 400 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 13 hukatika kwa saa 32 hivi. Kadiri kimiminika kinavyopungua, ndivyo sehemu ya chuma inayokipa joto inavyopungua, na ukiona mkanda wa barafu umeizunguka sehemu ya chini ya mtungi, ujue gesi inavutwa haraka kuliko uwezo wake wa kugeuka mvuke. Usimwage maji ya moto juu yake. Uunganishe na mtungi wa pili kwa vali ya kubadilishia, au uuache upumzike.

Baada ya mtungi huja regyuleta, ambayo hushusha shinikizo la gesi hadi milibaa 37. Kifaa hiki huzeeka. Watengenezaji wengi hushauri kisipite miaka 10, na tundu lake dogo la kupumulia likizibwa na buibui au barafu, shinikizo huyumba. Mimi hupima kwa manometa, kipimo cha shinikizo, huku boila ikivuta gesi, kwa sababu kipimo cha gesi iliyotulia hupendeza hata pale regyuleta inapokuwa mbovu.

Umeme ndio unaonifanya nisafiri bure mara nyingi zaidi. Boila hizi hujilinda dhidi ya umeme hafifu, na aghalabu hujizima volti zikishuka kufikia 10.5 hivi. Mwenye boti hupima betri tezini, akakuta 11.8, akaamini kwamba umeme si tatizo. Chukua hesabu: waya wa milimita za mraba 2.5 unaokwenda mita 15 hadi kwenye boila na kurudi mita 15 hupoteza volti 1 na kidogo ukibeba ampea 5. Boila peke yake haifiki ampea hizo, lakini katika boti za zamani waya huohuo hulisha friji na pampu ya maji. Kwa hiyo boila huwaka vizuri, friji inaponguruma inazimika, na familia nzima inasadiki kwamba ina kasoro ya ajabu isiyotabirika. Ongeza kishikilia fyuzi kilichoota kutu ya kijani, kama vilivyo vingi katika unyevu wa mferejini, na betri iliyochajiwa ikajaa nayo itashindwa. Pima pale waya zinapoungana na boila yenyewe, wakati inapojaribu kuwaka, friji ikiwa inafanya kazi na bomba la maji likiwa wazi. Kipimo cha aina nyingine hakinisaidii kitu.

Gesi na umeme vikiwa sawa, sikiliza. Feni huanza, kisha hutoka mlio wa cheche, kisha vali ya gesi hufunguka. Feni isipozunguka, boila haitajaribu kuwasha. Cheche zikilia bila moto kushika, gesi haijafika, na kama umebadilisha mtungi sasa hivi huenda kuna hewa tu bombani: washa jiko hadi moto wake utulie, ndipo uirudie boila. Moto ukishika na kuzimika baada ya sekunde chache, hapo kuna mambo mawili. Ama shinikizo linaanguka gesi inapoanza kutiririka, ama boila haiuoni moto wake. Huuona kwa elektrodi inayopitisha mkondo mdogo mno wa umeme ndani ya mwali, na masizi kidogo kwenye ncha hiyo au muunganiko mbovu wa waya wa ardhi hutosha kuukata. Elektrodi ni ya fundi. Ninachomwomba mwenye boti ni asibonyeze kitufe cha kuanzisha upya mara kwa mara, kwa kuwa kila jaribio lililoshindwa linaweza kuacha gesi isiyoungua, na jaribio litakalofaulu litaiwasha yote kwa kishindo.

Kuhusu hewa sitasema mengi. Boila inayofaa botini huvuta hewa ya kuunguzia kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba moja lenye njia mbili, bila kugusa hewa ya chumbani. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka asiye na gati la kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, basi boti hugeuka, na tundu la bomba lililotazama maji wiki iliyopita leo linatazama ukuta wa mawe au ubavu wa boti jirani. Moshi ukigonga ukuta hurudi ukavutwa tena ndani, moto hukosa oksijeni, na boila huzima. Kabla ya kupiga simu, toka nje uangalie tundu hilo liko wapi leo. Turubai lililofungwa juu yake ni hatari kubwa zaidi, na liondolewe mara moja.

Halafu kuna boila inayowaka ilhali boti inabaki baridi, na hapa ndipo ufundi wa nyumbani unapopotea kabisa. Dalili yake ni boila inayopata moto kwa dakika chache, ikajizima, ikapoa, ikaanza tena, huku bomba linalotoka likiwa la kuunguza na linalorudi likiwa baridi. Kulanti haizunguki. Pampu huenda imekwama, na hilo hujulikana kwa kuishika kwa mkono, lakini mara nyingi zaidi pampu ni nzima na kuna hewa njiani.

Katika nyumba, hewa hukusanyika juu kabisa, ukaitoa pale. Botini mabomba hulala sambamba na sakafu kwa mita 15 au zaidi, yakiwa na mwinamo mdogo mno, na mwinamo huo hubadilika. Tangi la maji safi liko omo. Lita 500 ni nusu tani. Likijaa, omo huzama kidogo na hewa hukimbilia tezi. Likikaribia kuisha, omo huinuka na hewa hurudi mbele. Magunia ya makaa yakipangwa upande mmoja wa paa, boti hulalia upande huo na rejeta za upande wa pili huwa juu. Ndiyo maana mtu hutoa hewa Jumamosi, rejeta zikapata moto, na Jumatano zikapoa tena bila mtu kugusa kitu. Mimi hutoa hewa mara mbili, tangi likiwa limejaa na tena likiwa limepungua sana, na katika boti sugu huwaomba wenyeji wote wasimame omo, kisha wahamie tezi, huku nikiwa nimepiga magoti kwenye vali. Wageni hucheka, na hewa hutoka.

Kulanti nayo ina umri. Viambata vinavyozuia kutu huisha, na kulanti iliyochakaa huanza kuila aluminiamu na kuacha tope linaloziba njia nyembamba. Ibadilishwe kwa muda alioutaja mtengenezaji, na zisichanganywe aina mbili, maana nyingine hugandana.

Hitilafu inayokosewa kuliko zote ni ya tangi dogo la upanuzi linalofurika. Watu hudhani boila imepata moto kupita kiasi. Tazama kwanza tangi la maji ya kuogea, ambalo kwa kawaida lina koili mbili ndani yake, moja ikipitisha joto la injini na nyingine la boila. Maji ya kuogea yako chini ya shinikizo la pampu yake, ilhali kulanti haina shinikizo la kutajika, kwa hiyo koili ikitoboka maji safi hupenya kwenye kulanti, usawa hupanda na rangi hufifia. Boila ikiwa imepoa, zima pampu ya maji, fungua bomba shinikizo litoke, weka alama ya utepe kwenye tangi la upanuzi, uache hadi asubuhi. Usawa usipopanda usiku huo, kisha ukapanda pampu inapowashwa, koili ndiyo iliyotoboka. Kumbuka kwamba pampu ikiwa imezimwa, kulanti nayo inaweza kupita tundu hilohilo kwa njia ya kurudi, na kulanti nyingi zina glaikoli ya ethilini, ambayo ni sumu; hadi koili au tangi libadilishwe na mabomba yasafishwe, maji ya moto yasitumiwe kunywa, kupikia wala kupigia mswaki.