Munich haikumwangusha Daladier

Nimeikuta tena hoja ileile, safari hii katika mjadala kuhusu NATO: kwamba kiongozi aliyechaguliwa hawezi kumtelekeza mshirika, kwa kuwa wapiga kura watamng'oa. Ninafundisha mikataba ya ulinzi na hoja hii imenichosha. Inanikera zaidi kwa sababu kuna nchi ndogo zinazoweka usalama wao juu yake.

Mzizi wake ni nadharia ya gharama za hadhira, aliyoieleza James Fearon mwaka 1994: ahadi ya hadharani humbana kiongozi kwa sababu kurudi nyuma kutamgharimu nyumbani. Baadaye Michael Tomz, katika utafiti wa 2007, aliwapa Wamarekani visa vya kubuni, na kweli walimshusha hadhi rais aliyetishia kisha akanywea. Sina ugomvi na matokeo hayo. Lakini anayejibu dodoso hana kijana aliyeitwa jeshini asubuhi hiyo.

Wafaransa wa 1938 walikuwa na vijana hao. Mkataba na Chekoslovakia ulikuwepo tangu 1924, ukaimarishwa mwaka 1925 kwa ahadi ya kusaidiana vitani. Septemba, Hitler wa Ujerumani alipodai sehemu ya nchi hiyo, askari wa akiba wakaitwa, Paris ikachimbwa mahandaki, na waziri mkuu, Édouard Daladier, akaenda Munich, Ujerumani, kusaini kumegwa kwa nchi aliyopaswa kuilinda. Ndege yake iliporudi na kukaribia Le Bourget, uwanja wa ndege wa Paris, aliuona umati, akadhani wamekuja kumzomea. Walikuja kumshangilia. Siku chache baadaye Bunge likaidhinisha kwa kura 535 dhidi ya 75, na katika hizo 75, kura 73 zilikuwa za wakomunisti.

Wengi huishia hapo na kusema basi umma haujali. Hapana! Kura ya maoni ya wakati huo ya IFOP, taasisi ya Ufaransa ya kupima maoni, ilionyesha 57% wakiunga mkono makubaliano na 37% wakiyapinga. Papo hapo, 70% walitaka Ufaransa na Uingereza zisimame imara Hitler akidai kingine. Watu hao hawakuwa vigeugeu. Walikuwa wakipima vita vilivyokuwa mlangoni, na wakati huohuo wakiweka mpaka kwa siku za mbele. Kifungu cha mkataba kilikuwa na uzito, ila hakikutosha kushinda kumbukumbu ya vita kuu vilivyoanza 1914.

Gharama ilikuwepo, lakini ilitua kwingine. Muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, ambao tayari ulikuwa na nyufa, ukavunjika kabisa; Munich na sera za uchumi ziliuvunja kwa pamoja. Daladier akaegemea kulia na akabaki madarakani. Mandel na Reynaud, waliokuwa wakipinga ndani ya baraza la mawaziri, hawakuondoka. Uingereza, ambayo haikuwa hata na mkataba na Prague, yaani serikali ya Chekoslovakia, ilimwona waziri wake wa jeshi la majini, Duff Cooper, akijiuzulu. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wote: adhabu hupita mikononi mwa mawaziri, washirika wa serikali na wapinzani walio tayari kulitaja kosa kwa jina. Wakinyamaza, mwananchi hana pa kuishikia hasira yake.

Sasa tazama Machi 1940. Finland, iliyokuwa imevamiwa na Wasovieti, ilikubali masharti yao kabla ya msaada ulioahidiwa na Daladier kufika. Hapakuwa na mkataba wa ulinzi kati ya Ufaransa na Finland. Hata hivyo wabunge wapatao 300 walikataa kupiga kura ya kumuunga mkono, na akajiuzulu. Mkataba uliosainiwa haukumwangusha. Ahadi isiyo na mkataba ikamwangusha.

Siwezi kudai kwamba ni Finland pekee. Ufaransa ilikuwa vitani na Ujerumani bila mapigano makubwa yanayoonekana, na wengi walishachoka na uongozi wake. Kuna shaka kubwa zaidi, inayoigusa kazi yetu nzima: kiongozi anayejua ataadhibiwa havunji ahadi, kwa hiyo tunaowaona wakivunja ni wale waliokwisha kupiga hesabu wakaona watapona. Huenda gharama ni kubwa kuliko ninavyoipima, kwa sababu pale inapofanya kazi haiachi tukio la kuchunguza. Hilo linanipa sababu ya kupunguza sauti kuhusu wapiga kura kwa jumla. Kuhusu Prague, halinipi.