Frateri "hasumbui" sio frateri aliyekua

Wiki iliyopita nimepokea tena barua ya paroko kuhusu kijana anayeomba kujiunga na seminari awe frateri, yaani anayesomea upadre, mistari mitatu tu, na wa maana ni huu: "ni mpole, mtiifu, hana shida na mtu." Hiyo barua naisoma kila mwaka tangu niwekwe kwenye malezi, linabadilika jina tu. Wazazi nao wakija siku ya kutembelea swali ni hilohilo, "Padre, hasumbui?" Nikisema hasumbui wanamshukuru Mungu wanapanda basi wanarudi zao.

Jamani, mimi hilo jibu limenichosha.

Watu wengi, na mafrateri wenyewe wamo, wanadhani kukua seminarini ni kufuata kengele: unaamka saa kumi na moja, unawahi masifu, yaani sala ya asubuhi, unalima, unafaulu mitihani, miaka inapita unapewa daraja la upadre. Kama mkungu wa ndizi shimoni, ukifukiwa vizuri utaiva tu. Sasa wanaovundika ndizi wanajua, kuna inayoiva ganda, ukimenya ndani ngumu.

Nilikuwa na frateri mmoja, miaka yote ya falsafa hajachelewa hata sala moja. Siku hiyo tunasafisha banda la nguruwe nikamuuliza tu kawaida, hivi we mwenyewe unapenda kazi gani hapa, bustani, jikoni au mifugo? Akasimama na koleo mkononi ananiangalia kama nimemtega. "Kama Padre atakavyoona." Nikamwambia sijakuuliza mimi naonaje. Kimya. Mtu ana miaka 24 hajui anapenda nini, au anajua ila anaogopa kusema, kwangu yote ni yaleyale. Akaenda mwaka wa uchungaji, ule wa mazoezi parokiani, kule kengele hakuna, paroko yuko vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia, siku tatu, mwezi wa pili napigiwa simu: frateri anakesha na simu, asubuhi hasali, mwenyekiti wa kigango akimkosoa kidogo ananuna wiki nzima. Watu wakasema kaharibikiwa parokiani. Wapi! Ndo kwanza tulikuwa tunamwona.

Na sio kwamba Kanisa halijasema. Papa Yohane Paulo wa Pili kwenye waraka wake wa 1992 kuhusu malezi ya mapadre aliweka wazi kwamba malezi ya kiutu ndo msingi, ukikosekana malezi mengine yote hayana pa kusimama, na mwongozo wa Roma wa 2016 ukarudia palepale, kiutu, kiroho, kiakili, kichungaji. Lakini muulize frateri wa seminari kuu ya Ntungamo au Segerea matokeo yake atakutajia ya kiakili tu, maana ndo yanayobandikwa ubaoni.

Ushauri wangu, wenzangu wananicheka lakini siuachi: wewe frateri, omba kushika kantini ya seminari. Mwaka mzima uuze sabuni na biskuti, ukatae kukopesha rafiki yako, mgombane, halafu umfuate chumbani myamalize kabla ya sala ya usiku. Ambaye hesabu yake imekaa sawa na bado ana marafiki namwamini kuliko mwenye A ya metafizikia.

Mengine mnayopenda kusema, nayajibu haraka haraka.

"Ukimwambia mlezi wa kiroho, gombera (mkuu wa seminari) atajua." Hapana. Kanuni ya 240 ya sheria za Kanisa inakataza kabisa kuomba maoni ya mlezi wa kiroho au muungamishi pale inapoamuliwa nani apewe daraja au nani aondolewe. Kwa hiyo wewe unayeenda kwake kuongelea mvua na mpira unapoteza muda wenu wote wawili.

"Ukimpenda msichana basi huna wito." Ningeshangaa kama hujawahi. Nachouliza mimi ni nani anajua, na unafanya nini nayo.

"Mwanasaikolojia ni wa vichaa." Hii hata sijibu, nenda tu.

"Aliyetoka seminari kafeli." Magufuli alipita seminari ya Katoke kule Biharamulo, akatoka, mbona hamsemi alifeli? Kutoka baada ya kujipima vizuri ni malezi yamefanya kazi, ila familia ndo zinafanya iwe ngumu. Kanuni ya 1031 inataka padre awe ametimiza miaka 25, tena ipite angalau miezi sita tangu ushemasi, yaani muda wa kufikiri upo, lakini kijana anafikiri saa ngapi wakati nyumbani mbuzi wa upadrisho ameshafungwa kamba? Mwaka juzi mama mmoja alinifungulia kabati, doti za vitenge zimepangana, sare ya sherehe, na mtoto yuko falsafa mwaka wa pili. Nikamuuliza, mama, mwenyewe anasemaje?

"Aa Padre, yule hana shida, si unamjua alivyo mpole."