Acha maua, fuata ndizi zilizochacha

Juzi mama mwenye nyumba wangu hapa Mwandiga kaja mpaka mlangoni, kanusa, akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi unapika pombe?" Nikamwambia hapana mama, ni chakula cha vipepeo. Hakuamini, na simlaumu, kwani nani hajui kwamba vipepeo ni wa kwenye maua?

Sasa hawa wangu maua hawana habari nayo. Ni jenasi ya Charaxes, yaani kundi la spishi za ukoo mmoja, sisi tunaita tu karaksesi, Afrika wapo spishi zaidi ya 100 na Ulaya yupo mmoja tu, jasius, wa kule pwani za Mediterania. Wanene, mabawa magumu, wengi wana vimkia viwili kila bawa la nyuma, na mbio zake jamani, ukisikia kitu kimekatiza kama jiwe la manati basi ndo huyo kapita. Dume anakaa juu ya mti kileleni mwa kilima anafukuza kila anayekatiza, hata ndege.

Wanachokula ni matunda yaliyooza, utomvu wa mti uliojeruhiwa, na madume hasa utawakuta kwenye kinyesi cha nyani au mzoga wanafyonza chumvichumvi. Watu wakienda Gombe wanaangalia sokwe juu, mimi niko chini nachungulia mavi, ndo kazi niliyosomea.

Mtego ni rahisi, chandarua unakishona kama pipa, juu kimefungwa, chini unaning'iniza sahani ya ndizi ulizoziacha kwenye ndoo siku tatu nne zikachacha, unabakiza kaupenyo. Anaingia kwa chini, anakunywa, akitaka kuondoka anaruka kwenda juu, hapo umempata. Kamba ya kuutundika mtego ipake grisi, usipopaka sisimizi watakuachia mabawa matupu, mi yamenikuta. Akishalewa unamshika kwa vidole kabisa.

Kiwavi wake ndo nampenda zaidi, wa kijani, kichwani ana pembe nne kama kavaa taji. Anatandika hariri juu ya jani moja, anatoka kwenda kula kisha anarudi palepale, kama mtu na mkeka wake. Spishi nyingine ni wachaguzi, Charaxes candiope anataka majani ya miti ya jamii ya Croton, Charaxes guderiana anakula miti ya miombo yenyewe, kwahiyo pale magunia ya mkaa yanapotoka huyo humpati tena hata uweke ndizi za Kasulu nzima.

Mama nikamletea mmoja amwone. Akahesabu miguu mara mbili, "Mbona minne?" Nikamwonyesha ile miwili ya mbele, imefupika ikawa kama vibrashi, imekunjwa kifuani, haitembei tena, ila jike huipigapiga kwenye jani kulionja kabla ya kutaga. Akacheka, akasema kumbe mzuri hivi. Ila ndoo ihamie nyuma ya choo.