Je, wajua kwa nini kadi ya Krismasi huanza kutafutiwa wateja mwezi Septemba?

Fundi wa kadi za salamu anayebandika picha za kadi za Krismasi kwenye Pinterest mwezi Septemba huweza kuonekana kama mtu aliyekosea kalenda, lakini amefanya hivyo kwa sababu anaujua vizuri mtandao anaoutumia.

Pinterest na Instagram zilifunguliwa mwaka mmoja, 2010, na zote mbili ni mitandao ya picha, ila watu huziendea kwa haja tofauti. Instagram huendewa zaidi na wanaotaka kuona mapya ya leo, na picha zinazowekwa kama hadithi (Stories) huondoka baada ya saa 24. Pinterest huendewa na mwenye shughuli inayokuja: anaandika anachotafuta, anahifadhi picha zilizompendeza, na kila anayehifadhi huipa picha nafasi ya kuonekana na wengine. Picha hiyo hukua polepole, na kwa kuwa kadi ya Krismasi inayomfikia mwenyewe tarehe 27 Desemba imekwisha kazi, muda huo wa kukua, pamoja na wiki ambazo posta huweza kuchukua, lazima uhesabiwe mapema.

Hata hivyo, kuwahi peke yake hakutoshi. Mwaka 1843, Henry Cole, mtumishi wa serikali ya Uingereza, alipomwagiza mchoraji John Callcott Horsley kadi ya Krismasi jijini London, zilichapishwa nakala zipatazo 1,000, na aliyenunua kwa shilingi moja aliweza kuishika kadi yake kabla ya kulipa. Mteja wa mtandaoni hana nafasi hiyo, kwa hiyo ni picha inayopaswa kumfanyia kazi ya vidole.

Chukua zile kadi za Afrika Mashariki zinazopambwa kwa maganda makavu ya mgomba, yaliyokatwa vipande na kugundishwa hadi yakatokea mwanamke aliyejitwika mtungi. Ukizipiga picha kwa flashi ya simu, mwanga huzigonga usoni na maganda yote huonekana kama rangi ya kahawia iliyopakwa. Ziweke kando ya dirisha, mwanga uingie kwa ubavuni, na kila ganda litaangusha kivuli chembamba, nyuzi zake zitaonekana, na mteja ataamini kwamba kazi hiyo imepita mikononi mwa mtu. Mkono ulioshika kadi huonyesha ukubwa wake kuliko vipimo vilivyoandikwa, na picha ya ndani, penye nafasi tupu ya kuandika salamu, kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi, ilhali ndiyo inayomfanya mteja amkumbuke mtu wa kumwandikia.

Kwa Pinterest, picha iwe ya wima, kwa mfano pikseli 1,000 kwa 1,500, na maelezo yake yataje kitu kwa jina ambalo mtafutaji angeliandika: “kadi ya Krismasi ya maganda ya mgomba” huonekana kwa urahisi, tofauti na “uzuri wa asili”. Picha hiyo hubeba kiungo, ambacho kinafaa kimpeleke mteja moja kwa moja kwenye kadi aliyoiona badala ya mlango wa duka zima.

Januari ikifika, picha hizo zisifutwe. Waliozihifadhi bado wanazo, na Septemba inayofuata, watu watakapoanza tena kutafuta, zitakuwa na mwaka mzima wa kujulikana.