Usanifu wa mandhari: maana yake, na kazi inavyofanywa kiwanjani

Nyumba imekwisha, rangi imekauka, uwanja umetandazwa vitofali vya pevingi ukuta hadi ukuta, na kando ya geti vimepangwa vyungu vya maua. Masika yanapoanza, maji yanaingia sebuleni. Mwenye nyumba anamlaumu fundi wa pevingi, fundi naye anamlaumu jirani aliyejaza kifusi kiwanja chake. Kilichokosekana hapo ni kazi yenye jina lake na elimu yake: usanifu wa mandhari.

Ni taaluma ya kupanga, kuchora na kusimamia ujenzi wa maeneo ya nje: umbo la ardhi, mapito ya maji, udongo, mimea, njia za miguu na za magari, kuta, ngazi, vivuli na mahali pa kukaa. Eneo lenyewe linaweza kuwa ua wa nyumba, uwanja wa shule, hospitali, makaburi, ufukwe au bonde zima la mto. Neno mandhari tumelipata kwenye Kiarabu na linahusu kile kinachoonekana, na huenda ndiyo sababu wengi wanadhani kazi hii ni ya kupendezesha macho. Uzuri umo, tena ni sehemu ya haki ya mtumiaji. Lakini unasimama juu ya mambo yasiyoonekana: mteremko, udongo na maji. Yakikosewa hayo, hakuna ua litakaloficha kosa.

Majirani wa taaluma hii ni wengi. Msanifu majengo anashughulika na jengo, mpangaji miji anagawa ardhi kwa matumizi, mhandisi anapima nguvu za kuta na ukubwa wa mitaro, mtunza bustani anapanda, anapogoa na kumwagilia. Msanifu wa mandhari anayaunganisha hayo yote kwenye mchoro mmoja, akianza kabla msingi haujachimbwa. Akiitwa nyumba ikiwa imekwisha, nusu ya kazi yake imeshaharibiwa: udongo wa juu umeuzwa, miti imekatwa, na usawa wa sakafu hauwezi tena kubadilishwa.

Jina la taaluma lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora Central Park ya New York. Masharti yalitaka barabara 4 zikatize bustani hiyo. Wao walizizamisha chini ya usawa wa ardhi, magari ya farasi yakapita bila kumsumbua anayetembea juu. Maziwa yanayoonekana pale kama ya asili nayo yametengenezwa na watu. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 1900, na shirikisho la kimataifa la wasanifu wa mandhari, IFLA, likaundwa 1948. Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Baraza za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mfano mzuri: mchana ni kiti cha mazungumzo na biashara, mvua ikijaa uchochoroni ni njia ya miguu iliyoinuka. Kitu kimoja, kazi mbili, gharama moja.

Kusoma kiwanja

Kazi inaanza kwa kusoma kiwanja, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapofanya haraka. Kwanza ni ramani ya mpima ardhi yenye kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Kwa kiwanja kidogo, kontua za kila sentimita 25 au 50 zinafaa. Zile za mita 5 hazisemi lolote kuhusu ua wa nyumba. Juu ya ramani hiyo huwekwa miti iliyopo pamoja na unene wa mashina yake, mabomba, nguzo, mashimo ya choo, sehemu maji yanapoingilia kutoka kwa jirani na sehemu yanapotokea.

Kisha jua na upepo. Dar es Salaam iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, kisha likahamia kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi. Jua linalotesa zaidi ni la alasiri kutoka magharibi, maana liko chini na linapiga ukuta moja kwa moja. Mti wa kivuli ukipandwa magharibi mwa nyumba unasaidia kuliko ukipandwa mahali pengine popote. Upepo nao hubadilika: kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi toka upande wa kusini katikati ya mwaka. Uzio wa matofali usio na matundu, wenye kimo cha mita 2.5, huzikata pepo zote mbili, ndiyo maana nyua nyingi za mijini zina joto hata ufukweni.

Udongo hupimwa kwa shimo. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 30, lijaze maji, yaache yanywewe, ujaze tena, kisha pima maji yanashuka milimita ngapi kwa saa. Yakishuka 25 au zaidi, udongo unakunywa vizuri. Yakishuka chini ya 12, usipange kuyazika maji hapo. Tafuta njia ya kuyatoa.

Hesabu ya maji

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Mvua ya milimita 40 kwa saa moja, ambayo kwa ukanda wa pwani si ajabu, inaleta lita 24,000. Si zote zinazotiririka. Paa hutoa takriban asilimia 90 ya mvua iliyoliangukia, pevingi asilimia 85, bustani yenye udongo mzuri asilimia 25. Kabla ya kujengwa, kiwanja chote kikiwa na majani, kilitoa lita 6,000 tu.

Sasa jenga nyumba yenye paa la mita za mraba 180, tandaza pevingi mita 300, bakisha bustani mita 120. Paa linatoa lita 6,480, pevingi 10,200, bustani 1,200: jumla 17,880, karibu mara 3 ya mwanzo. Maji hayo yataenda kwa jirani, barabarani au ndani. Punguza pevingi hadi mita 120, zinazotosha kuegesha na kugeuza gari, na bustani iwe mita 300. Jumla inashuka hadi 13,560. Weka tangi la lita 5,000 chini ya gata za paa, zinabaki 8,560. Chimba mbonyeo wa mita za mraba 30 bustanini, kina sentimita 20, nao unashika lita 6,000. Zinazotoka ni kama lita 2,500, pungufu ya zile zilizotoka kiwanja kikiwa pori. Tangi linatakiwa liwe tupu mvua inapoanza, na mbonyeo uwe umekauka ndani ya siku 2, mbu asipate nafasi ya kukamilisha uzao wake.

Mteremko ndio unaoyapeleka maji huko. Pevingi huhitaji asilimia 1.5 hadi 2, yaani karibu sentimita 2 kushuka kwa kila mita. Udongo unaozunguka nyumba ushuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Ukoka wa kukatwa kwa mashine usizidi mwinuko wa 1 kwa 3, yaani mita 1 kupanda kwa kila mita 3 za mlalo, na njia ya kiti cha magurudumu isizidi 1 kwa 12. Ngazi za nje zina kanuni yake: vimo viwili vya ngazi ukijumlisha na upana wa kukanyagia vipate milimita 600 hadi 640. Kimo cha 150 na upana wa 330 hutoa 630, na mzee anapanda bila kuhema.

Kosa linalorudiwa mno ni kuinua ardhi ya nje kila mwaka, kifusi juu ya kifusi, hadi ikapita tabaka la kuzuia unyevu ukutani. Rangi huanza kubanduka chini, na watu hununua rangi nyingine badala ya kuondoa udongo. Kosa lingine liko chini ya pevingi. Vitofali vya milimita 60 ni vya miguu, vya 80 ni vya magari. Chini yake panahitaji moramu au kokoto zilizoshindiliwa milimita 100 hadi 150, kisha mchanga wa milimita 30 hadi 50. Mafundi wengi huweka mchanga tu, na baada ya masika moja matairi yanaonyesha yalipopita. Kingo zisipozuiwa kwa zege, vitofali hutawanyika pole pole kuelekea nje.

Udongo na miti

Udongo wa juu, sentimita 15 hadi 30, ndio wenye uhai. Ukusanywe kabla ya ujenzi, urundikwe kwa kimo kisichozidi mita 2, urudishwe mwisho. Ukichanganywa na saruji na mabaki ya plasta, mimea itadhoofika na utanunua mbolea miaka yote.

Mti uliopo una eneo lake la mizizi: zidisha unene wa shina, uliopimwa kwenye kimo cha kifua, mara 12. Mwembe wenye shina la sentimita 50 unahitaji duara la mita 6 kila upande, lisilopitwa na lori, lisilorundikwa mchanga, lisilochimbwa. Jaza kifusi cha sentimita 30 juu ya mizizi hiyo, nayo hukosa hewa. Mti haufi siku hiyo. Hufa baada ya miaka 2 au 3, na lawama zote zinaangukia wadudu.

Kwa mche mpya, shimo liwe pana mara 2 hadi 3 ya bonge la mizizi, lakini kina kisilizidi bonge hilo. Shimo refu hulegea, mti huzama, shina huoza. Kiriba cheusi, yaani mfuko wa plastiki uliooteshea mche, kiondolewe chote, na mizizi iliyojizungusha ndani yake ikatwe, la sivyo itaendelea kujizungusha mpaka iukabe mti wenyewe. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, mbali na shina kwa sentimita 10. Na pale kwenye mchoro, duara la mti lichorwe kwa ukubwa wa mti mzima. Anayeuchora mwembe kwa duara la mita 3 atapanda miembe kila baada ya mita 3.

Mfano unaoonyesha vizuri kwamba udongo hutangulia uko Bamburi, Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hadi karibu na maji ya chumvi, kikaacha sakafu nyeupe isiyo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni 3: mnazi, mti uitwao Conocarpus lancifolius na mvinje. Mvinje una vijidudu mizizini vinavyonasa naitrojeni hewani, kwa hiyo unaweza kuishi mahali pasipo na rutuba. Majani yake membamba yalianguka lakini hayakuoza. Haller akaleta majongoo wakubwa, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Baada ya mboji ndipo miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama, na leo pale ni Haller Park. Kazi ingeanza kwa kupanda maua, pesa ingezikwa kwenye mawe.

Kusoma fani na kuifanya

Shahada inafundishwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja, Kenya, na Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Moyo wa masomo ni studio, ambako mwanafunzi huchora eneo halisi na kulitetea mbele ya walimu, pamoja na upimaji, elimu ya udongo, mimea, maji, ujenzi na sheria. Sheria si pambo. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na mchoro usiojua hilo ni karatasi tu. Ushauri wetu kwa anayeanza: fanya kazi kwenye kitalu cha miche angalau msimu mmoja. Programu za kuchorea hujifunzwa kwa miezi. Kujua mche mzuri kwa kuutazama huchukua mvua kadhaa.

Ofisini, kazi hutoka kama seti ya michoro: mpango wa jumla, kwa kawaida kwa kipimo cha 1:200, mchoro wa usawa wa ardhi unaoandika kimo cha kila kona, mchoro wa upandaji, na michoro ya kina ya ngazi, kuta na mitaro kwa 1:20 au 1:10. Jedwali la mimea liandike jina la kisayansi, idadi, kimo cha mche na nafasi kati ya mche na mche, kwa kuwa majina ya mtaani hubadilika toka mkoa hadi mkoa na mkandarasi ataleta kinachopatikana. Hati ya vipimo na gharama hufuata, kisha usimamizi.

Mkataba useme wazi nani atamwagilia baada ya makabidhiano. Kawaida inayofaa ni miezi 12 ambayo mkandarasi anamwagilia, anapalilia na kubadilisha mimea iliyokufa kwa gharama yake. Upandaji upangwe mwanzoni mwa masika, katikati ya Machi kwa pwani, ili miezi ya kwanza mvua ifanye sehemu ya kazi hiyo. Mti mchanga utahitaji lita 20 hivi mara 2 kwa wiki kiangazi cha kwanza, zikimiminwa taratibu juu ya bonge la mizizi, mpaka mizizi itoke kwenye shimo ilimopandwa.