Wahadzabe Hawaoani Ndugu kwa Ndugu

Kila kundi jipya la wanafunzi ninalolipeleka bonde la Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali, huja na swali lilelile: watu wenyewe ni elfu moja na ushei, wanaishi kambi za watu 20 au 30, sasa si lazima ndugu waoane?

Jamani, hapana! Kosa ni kuidhania kambi kuwa kijiji, ukoo mmoja uliotulia mahali tangu enzi za babu. Kambi ya Wahadzabe huhama kila baada ya wiki kadhaa: maji yamepungua, matunda yamekwisha, au mtu amefariki. Na haihami nzima. Familia hii inaelekea Mang'ola, ile inakwenda Yaeda Chini kwa dada wa mke, kijana naye anaaga peke yake na upinde wake. Kiangazi wengi hukusanyika penye maji yasiyokauka, kambi zikawa kubwa, na vijana wa pande mbalimbali wakaonana. Mvua zikianza, hutawanyika. Kijana anayefikia umri wa kuoa ameshalala kambi nyingi, na karibu kila moja yuko mtu wa kumpokea.

Wala si Wahadzabe peke yao. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa jamii 32 za wawindaji: wengi wanaoishi kambi moja hawana udugu wa damu wa karibu. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu waache kuanza na mti wa ukoo. Muulize mtu amelala kambi zipi tangu mvua za mwaka jana, na alikuwa na nani. Mchumba utamkuta humo humo. Na anayewahurumia Wahadzabe kweli aangalie mashamba na mifugo inayozidi kuziba njia zao za kuhama.

Zipo na dhana nyingine tatu kuhusu ndoa zao ninazozisikia.

"Mke humfuata mume." Mara nyingi ni kinyume: mume ndiye huhamia kambi ya mama mkwe, hasa mwanzoni, na huko hutarajiwa kuleta nyama na asali.

"Wazee ndio huwachagulia." Huchaguana wenyewe. Hakuna ng'ombe wa mahari wa kumpa mzee sauti ya mwisho.

"Mwindaji hodari huwa na wake wengi." Wengi wana mke mmoja kwa wakati mmoja. Kuachana nako hakuhitaji baraza: mume akikaa kambi nyingine wiki kadhaa bila kurudi, watu huhesabu ndoa imekwisha.