Dawa iliyobaki ni nini, na kwa nini chupa ya mofini isikae kabatini

Mjomba alipofariki huku Busia, kansa ya koo, matanga hata hayajaisha shangazi akafagia chumba akatoka na chupa ya plastiki iko nusu, maji ya kijani, mofini ya kutuliza maumivu, akaniuliza hii nimwage ama niweke, kesho jirani anaweza kuumwa jino.

Hiyo ndo dawa iliyobaki. Ni dawa aliyoandikiwa mtu fulani, sasa yeye amepona au amebadilishiwa au ametangulia, na dawa bado iko nyumbani. Ikiwa ni panado haina maneno mengi. Ikiwa ni ya ukoo wa afyuni basi hiyo ni habari nyingine, na ukoo wenyewe ni mkubwa: mofini, kodeini ya kwenye sirapu za kikohozi, pethidini ya sindano, tramadoli, mpaka heroini ya mtaani. Wazee wa pwani afyuni waliiita kasumba, ndo neno hilo hilo tunalomwambia mtu aliyejazwa fikra za mkoloni mpaka hajitambui, kwa hiyo waliijua vizuri.

Lakini msije mkaanza kuogopa mofini yenyewe. Hospice Africa Uganda, hospisi yaani shirika la kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, aliyoianzisha Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ndo ilianza kuchanganya mofini ya maji hapa hapa Uganda, kule Kampala, mgonjwa anapewa bure, na tangu 2004 sheria inaruhusu hata nesi aliyesomea kazi hiyo kuiandika, manake daktari kijijini utamtoa wapi? Rangi inawekwa ili watu watofautishe nguvu, kijani ndo hafifu. Mgonjwa wa kansa akinywa kipimo chake kila masaa manne anapata usingizi, anakula, anaongea na watu wake. Huyo huwezi kumwita teja.

Balaa linakuja ikitoka mkononi mwake. Dawa hizi zinapunguza kasi ya kupumua, na mwili wa mgonjwa umezizoea polepole, wa mtoto aliyedhani ni juisi haujazizoea kabisa. Ukimkuta mtu amelala haamki, pumzi za kuhesabu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, midomo inageuka bluu, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, usimnyweshe maziwa. Ipo dawa ya kumrudisha, naloksoni, ila inataka haraka. Na aliyekuwa ameacha miezi kadhaa akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Mimi naona kwetu shida mara nyingi inaanza na ujirani mwema. Tunagawana chumvi, kiberiti, na vidonge pia tunagawana. Kijana anabeba magunia mpakani, mgongo unamuua, rafiki anampa tramadoli mbili, wiki ijayo anatafuta mwenyewe, baadaye bila hizo hawezi hata kutoka kitandani. Kumtukana hakumsaidii, wala kumfungia ndani. Mwambie VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, au mzee anayemheshimu aongee naye, apelekwe kituo cha afya, na kama ni heroini Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, wana kliniki inayotoa methadoni, dawa ya kunywa kwa kipimo badala ya heroini.

Sasa chupa. Njia bora ni kuirudisha kwa nesi aliyeileta au famasi ya hospitali, na hakuna anayekukamata kwa kurudisha. Kama ni mbali sana kweli, changanya dawa na majivu au majani ya chai yaliyotumika, funga ndani ya kopo, fukia shimo refu mbali na kisima, na ukwangue jina la mgonjwa kwenye lebo. Usiirushe jalalani watoto wanapookota vyuma. Na usiiuze duka la dawa hata wakikubembeleza, maana dawa za hospisi zikianza kuonekana sokoni wakubwa watabana, na atakayelia ni mgonjwa mwingine kijiji cha pili.

Shangazi tulienda naye. Nesi akapima iliyobaki, akaandika kitabuni, shangazi akatia sahihi, nami nikatia kama shahidi, dakika kumi hivi. Kisha shangazi akaomba chupa tupu arudi nayo ya kuwekea mafuta ya taa, nesi akakataa kabisa, wakabishana kuliko walivyobishana kuhusu dawa yenyewe.